Shahada ya uhandisi isifungwe kwenye mgodi mmoja

Mgodi wa Base Titanium wa huko Kwale ulikoma kuchimba Desemba 2024. Ulikuwa umeanza uzalishaji mwishoni mwa 2013, yaani umri wake wote ni kama miaka 11. Shahada ya uhandisi nchini humu huchukua miaka 5. Kijana wa Msambweni aliyeingia chuoni mwaka 2020 akiutazamia mgodi huo, alihitimu lango likiwa limekwisha kufungwa.

Nayasema haya kwa kuwa wapo wanaotaka wenye viwanda waketi pamoja na wahadhiri kutunga shahada ya uhandisi wa jumla. Naliunga mkono wazo hilo. Tazama kazi ya mgodi wenyewe: mchanga ulichanganywa na maji, ukasukumwa kwa pampu, ukachujwa kwa uzito, kisha kwa sumaku na umeme, hata ikapatikana ilmenaiti, rutaili na zirkoni za kupakiwa melini Likoni. Maji yalitoka katika bwawa la Mto Mukurumudzi. Hapo pana umakanika, umeme, ujenzi na kemia kwa pamoja, na aliyesomea tawi moja tu angeona kipande. (Mimi ni mwanaisimu, sijui kufunga hata skrubu; ila najua kwamba neno “mhandisi” tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo, wala si jina la mtambo wowote.)

Hata hivyo, mwajiri mmoja asiachiwe kalamu peke yake. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoanguka katika miaka ya 1980, eneo zima lilisubiri miaka mingi kabla ya mwekezaji mwingine kuja. Basi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilicho jirani, kikiianzisha shahada ya namna hiyo, kiwaite wenye sukari, wenye hoteli za Diani, watu wa bandari na wa maji, na kila mmoja alete tatizo halisi ambalo mwanafunzi atalishughulikia tangu mwaka wa pili.

Liko pia jambo la Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mwenye shahada isiyotambuliwa na Bodi hasajiliwi kuwa mhandisi. Je, Bodi itaiweka wapi shahada isiyo na tawi? Jibu lipatikane kwa maandishi kabla mzazi wa Lungalunga hajauza ng’ombe kulipa karo ya muhula wa kwanza.