SADAKA BILA DAFTARI

 

Tafakari yetu ya juma hili yahusu neno linalonong'onwa nje ya lango la kanisa na kutajwa mara chache ndani yake: hesabu. Wapo wanaofundisha kwamba sadaka ikishafika altareni ni mali ya Mungu, na kwamba anayeuliza imetumikaje ana imani haba. Fundisho hilo twalikataa. Mungu hahitaji stakabadhi. Lakini mama wa Kunduchi Mtongani anayeponda kokoto juani, akatoa mchango wa ujenzi, anastahili kujua umejenga nini.

Huletwa hoja ya mkono wa kushoto kutojua ya mkono wa kulia. Bwana alimwonya mtoaji asijivune. Hakumruhusu mtunzaji afiche.

Husemwa pia kwamba padre ni mpakwa mafuta, hivyo hahojiwi. Tumtazame basi Mtume Paulo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, sura ya 8, mchango mkubwa wa makanisa haukuachwa mikononi mwa mtu mmoja. Walichaguliwa ndugu wa kuusindikiza, asije mtu akapata la kulaumu. Mtume hakuona aibu kusindikizwa. Sisi tuone aibu ya nini? Tena, kati ya Thenashara, aliyeshika mfuko ndiye aliyeiba. Kuwa karibu na Bwana hakukutosha kuulinda mfuko.

Wengine hujikinga kwa kusema Kanisa si demokrasia. Ni kweli, wala si milki ya mtu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 537, yataka kila parokia iwe na baraza la uchumi, ambamo waamini humsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1287 yaagiza wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Hati ya mwisho ya Sinodi, iliyopitishwa tarehe 26 Oktoba 2024, imesisitiza uwazi, uwajibikaji na mabaraza yanayofanya kazi kweli.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu zaidi. Mwaka 1882 wamisionari waliondoka Buganda. Waliporudi mwaka 1885 walikuta Wakristo wameongezeka, wakiongozwa na walei kama Yosefu Mukasa na Andrea Kaggwa, ambao baadaye waliimwaga damu yao. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, wakikutana Nairobi, waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Hazikuanzishwa ziwe vituo vya kukusanyia bahasha. Anayeaminiwa kuchanga aaminiwe pia kushauri.

Hata hivyo, fimbo hii isimwangukie padre peke yake. Wapo viongozi walei waliokalia viti hadi vikawa kama urithi, huku vijana wakiambiwa wangoje. Wapo watunza hazina wanaoweka kumbukumbu kichwani. Wapo waamini wanaonyamaza mkutanoni, kisha wakasema yote kijiweni. Anayekataa kuuliza penye haki ya kuuliza naye ameitelekeza nyumba ya Bwana.

Hapa Kunduchi Pwani samaki hunadiwa mbele ya macho ya watu. Nahodha akiuza gizani, kesho atakosa mabaharia. Je, wavuvi wawe na busara kuliko wana wa nuru?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mapato na matumizi yasomwe katika jumuiya kila robo mwaka na kubandikwa ubaoni. Fedha isitoke benki kwa sahihi ya mtu mmoja. Na muda wa uongozi ukiisha, kiti kiachwe kwa amani. Haya hayamvunjii paroko heshima. Yanamwondolea mzigo na kumkinga na masingizio.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikipotea mali ya Kanisa, haipotei fedha tu. Hupotea imani ya wadogo ambao Bwana aliwaita wake.