Mnyama Aliye Nje ya Hifadhi

Mtu atokaye Singida kwenda Nzega, akishamaliza kona za mlima wa Sekenke, huteremkia Shelui, na mbele yake imetanda mbuga ya Wembere. Usiku barabara hiyo si ya malori peke yake. Fisi huifuata kwa ajili ya mizoga ya mbwa na mifugo iliyogongwa ikaachwa pale pale. Sungura na digidigi nao huikatiza kutoka kichaka hadi kichaka. Dereva wa lori akimgonga fisi husikia kishindo, akaendelea na safari. Mpanda pikipiki hana bati wala kioo mbele yake. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde, na digidigi aliyepumbazwa na taa hahitaji hata sekunde hiyo moja. Wako wasemao kwamba fisi wa usiku ni wa wachawi. Wa mchawi au wa porini, kishindo chake ni kimoja.

Waendesha bodaboda wa Shelui hawatembei usiku kwa anasa. Yuko mgonjwa wa kuwahishwa kwa mganga. Yuko mchimbaji mdogo arudiye kutoka Sekenke, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani. Abiria huyo huanguka pamoja na dereva wake.

Husemwa kwamba kijana ajilaumu kwa mwendo wake. Ni kweli, kukimbia gizani ni ujinga, na helmeti iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu. Lakini hoja hiyo haimalizi shauri. Katika barabara ipitayo Hifadhi ya Mikumi viko vibao, yako matuta, na amgongaye mnyama hutozwa faini. Ni haki, kwa kuwa taifa liliahidi kuwalinda wanyama wake katika Ilani ya Arusha ya mwaka 1961. Hata hivyo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyama wa Wembere kuwa mali ya umma sawasawa na yule wa Mikumi. Iweje basi mwenye mali aonekane mnyama anapoumizwa, asionekane mtu anapoumia?

Kanuni za mwaka 2011 zilileta kifuta machozi kwa wanaodhuriwa na wanyama wakali. Digidigi si mnyama mkali. Aliyevunjika mguu kwa ajili yake hujitibu mwenyewe, na marejesho ya pikipiki ya mkopo hayangoji mfupa uunge.

Wala fedha si jambo la kwanza. Ng'ombe aliyegongwa leo ndiye amwitaye fisi wa kesho. Kumwondoa kabla ya giza ni kazi ya watu wachache na kamba, na serikali ya kijiji haina sababu ya kuisubiri wilaya. Nyasi za kando zifyekwe mapema, kabla hazijamficha mnyama. TANROADS nayo iweke vibao, na kabla ya kuchimba shimo la kwanza iwaulize waendesha bodaboda wenyewe, ambao wanajua fisi huvukia wapi na saa ngapi.