UKIRUDISHWA, KUMBUKA WALIO BADO NJE



Maombi mengi mnayonitumia yana ombi moja: "Mchungaji, niombee nirudishiwe." Kazi ya Industrial Area. Kibanda cha Gikomba. Nyumba. Mume aliyehama. Kiti kwenye chama. Mungu hurudisha, hilo sina shaka nalo. Lakini kuna swali ambalo madhabahu zetu za Eastlands, kuanzia Kayole mpaka Jericho, haziliulizi sana. Ukisharudishiwa, utafanya nini?

Acha nikupe kisa cha jirani zetu Waganda. Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alimwondoa Kabaka Mutesa wa Pili kwenye kiti chake. Siku hiyohiyo akapandishwa ndege Entebbe, akapelekwa Uingereza. Kisa chenyewe kinatugusa hata sisi Wakenya. Miezi michache kabla, waziri wa makoloni alikuwa ametoa hotuba London akigusia kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Waganda waliitazama Kenya yetu ya walowezi, wakaogopa kupoteza ardhi yao vilevile. Kabaka akasimama na watu wake, akakataa kuahidi kuitii serikali ya Uingereza katika jambo hilo.

Wakati yeye yuko London, hapa kwetu nako kulikuwa moto. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, askari waliingia Bahati, Ziwani, Kaloleni na Shauri Moyo, wakawatoa watu vyumbani. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini. Kwa hiyo watu wa Eastlands wanajua maana ya kutolewa kwako. Na watoto wa Kariobangi waliolala nje Mei 2020 baada ya nyumba kubomolewa wanajua pia.

Sasa angalia uaminifu wa watu. Lukiiko, baraza la Buganda, lilikataa kumchagua Kabaka mwingine. Wakaenda mahakamani. Wakakaa mkutanoni Namirembe mwaka 1954, wakajadiliana miezi kadhaa. Na tarehe 17 Oktoba 1955 Mutesa akarudi nyumbani, watu wakijaa barabarani kwa shangwe. Oktoba 1963 akawa Rais wa kwanza wa Uganda huru. Mpendwa, ukitaka ushuhuda wa kurudishwa, huo hapa. Wengi wetu tungeishia hapo, tuimbe, tutoe sadaka ya shukrani, twende nyumbani.

Lakini endelea kusoma. Kulikuwa na sehemu mbili, Buyaga na Bugangaizi. Zilikuwa za Bunyoro kabla Waingereza hawajazipa Buganda baada ya vita na Mfalme Kabalega. Kabalega naye alihamishwa, akapelekwa Ushelisheli mwaka 1899. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923, alifia Jinja, hakufika kwake. Wanyoro wa sehemu zile waliendelea kulia warudishwe kwao.

Ungedhani mtu aliyelia London miaka miwili angekisikia kilio hicho haraka kuliko wengine. Haikuwa hivyo. Serikali yake ya Mengo ilipeleka askari wastaafu Waganda kukaa Ndaiga, ili idadi ya Waganda iongezeke. Novemba 1964 watu wakapiga kura, wakachagua kurudi Bunyoro. Mutesa, akiwa Rais, alikataa kutia sahihi. Ugomvi wake na Waziri Mkuu Obote ukazidi. Mei 1966 jeshi likaivamia ikulu yake. Akatoroka, akarudi uhamishoni London, akafa huko Novemba 1969.

Simdharau Kabaka, na Waganda tunaoabudu nao wanajua ninavyowapenda. Najua pia hoja ya upande wake. Aliapa kuilinda Buganda, na kuachilia ardhi kungeonekana kama kuwasaliti watu waliompigania. Wala sisemi ardhi ile peke yake ndiyo iliyomwangusha. Siasa za wakati ule zilikuwa na mengi, na risasi zilipigwa na wengine. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuonja uchungu wa kufukuzwa, na bado asiutambue uchungu huo ukiwa kwa jirani yake.

Hata Charles wa Pili wa Uingereza alirudi kutoka uhamishoni mwaka 1660 akiwa ameahidi uhuru wa dhamiri. Mwaka huohuo mhubiri John Bunyan akafungwa kwa kuhubiri bila ruhusa. Alikaa jela miaka 12.

Na tusiwanyoshee wafalme hao kidole tukamwacha Daudi. Fungua 2 Samweli 19. Daudi anarudi baada ya Absalomu. Mefiboshethi, mlemavu wa miguu, anamlaki. Tangu mfalme aondoke hakufua nguo wala kupunguza ndevu zake. Siba alikuwa amemsingizia na kupewa mali yake yote. Daudi anafanya nini? Hachunguzi. Anamwambia agawane shamba na Siba. Mfalme aliyerudishiwa ufalme mzima hakuwa na muda wa kumrudishia mlemavu haki yake.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na mahubiri yanayosema Mungu anakurudisha ili maadui zako waone na waaibike. Hayo yanatufundisha kurudi tukiwa na orodha ya watu wa kukomesha. Nimeona mtu akiombewa kazi na kanisa zima, halafu akipata anapita wenzake kwenye stendi ya matatu kama hawajui. Nimeona mama aliyefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi, leo ana vyumba vyake vya kupangisha, na yeye ndiye wa kwanza kung'oa mlango wa mpangaji tarehe tano.

Wiki hii nakupa kazi. Andika jina la mtu mmoja ambaye bado yuko nje ya mlango uliofunguliwa wewe. Labda ni mwenzako mliyefutwa kazi siku moja. Labda ni mpangaji wako. Labda ni ndugu aliyetengwa na kanisa, na wewe ndiye unayepinga asirudi. Mpigie simu kabla ya Jumapili. Msikilize mpaka amalize, usimkatize kama Daudi.

Na wewe ambaye bado unangoja, usikate tamaa. Tunaendelea kukuombea, na kama una shida ya chakula au mahali pa kulala, usione haya kuwaambia mashemasi.

Ukisema Amina, usiache kupiga hiyo simu.

Mchungaji wenu