Chuma Chakavu na Mionzi: Hoja kwa Kibaha na Kisarawe

Tunapozungumzia usalama wa mionzi, macho yetu huelekea kwenye mashine ya tiba na kwa mtaalamu anayeiendesha. Tunasahau kwamba chanzo cha mionzi huanza safari kabla hakijafika hospitalini, na kwamba safari hiyo haiishi siku kinapoacha kutumika. Kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Taasisi ya Saratani Ocean Road, hatari iliyo karibu zaidi iko mwishoni mwa safari hiyo.

Mwanzo wake una nidhamu ya kutosha. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zinataka kasha la kubebea vyanzo vikali listahimili kuangushwa kutoka mita 9 na kukaa dakika 30 katika moto wa nyuzi joto 800. Nje ya kasha hubandikwa lebo: nyeupe yenye mstari mmoja mwekundu kwa mionzi hafifu, njano yenye miwili au mitatu kwa mionzi iliyozidi. Dereva na mpokeaji wa mizigo wakumbuke jambo moja tu: kwa kasha dogo, anayesimama mita 2 hupata takriban robo ya anachopata aliye mita 1. Kuketi juu ya kasha kwa sababu gari limejaa si ushujaa.

Ghalani nako, muda hutusaidia katika baadhi ya mambo. Teknesiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, iodini-131 kila baada ya siku 8. Chumba chenye kufuli, daftari na subira humaliza sehemu kubwa ya kazi. Kobalti-60 huhitaji miaka 5 na zaidi kupungua nusu, na sesiamu-137 takriban miaka 30. Hapo subira peke yake haitoshi, kwa maana mtunza ghala atastaafu, ofisi itahama, na daftari litaliwa na mchwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Kliniki ya tiba ya mionzi ilihama na kuacha nyuma mashine yenye sesiamu-137. Watu wawili waliivunja wakitafuta chuma cha kuuza. Mnunuzi wa chuma chakavu akavutiwa na unga uliong'aa buluu gizani, akawagawia ndugu na marafiki. Walipoanza kutapika, walidhaniwa kwanza kuwa wamedhuriwa na chakula, kisha kuwa na maradhi ya nchi za joto. Watu 4 walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Samut Prakan nchini Thailand mwaka 2000 na Mayapuri, Delhi, mwaka 2010 yalitokea mambo ya namna hiyohiyo kwa kobalti-60, na mlango ulikuwa uleule: chuma chakavu.

Mkoa wa Pwani una viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu, na Barabara ya Morogoro hupitisha malori ya bidhaa hiyo kila siku. Vyanzo vya mionzi navyo havimo hospitalini tu. Vimo katika vifaa vya kupimia mshindilio wa barabara na ujazo wa matangi viwandani. Mkandarasi akifilisika, nani anauliza kifaa chake kimekwenda wapi?

Sheria tunayo: Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, na Tume yake inayo hifadhi ya taka za mionzi mjini Arusha. Lakini Arusha ni mbali, na usafirishaji una gharama. Kwa maoni yangu, asiruhusiwe mtu kuingiza chanzo nchini bila mkataba wa kukirudisha kwa mtengenezaji, au amana ya fedha ya kukihifadhi. Kila tanuru la chuma liwe na kipima mionzi langoni. Wenye viwanda watalalamikia gharama. Tanuru likiyeyusha kobalti mara moja tu, gharama ya kulisafisha itazidi bei ya kipima mara nyingi.

Kwa wenzangu wa Tumbi, Kisarawe na zahanati zote: mgonjwa mwenye kidonda kama cha moto mkononi, asiyekumbuka kuungua, na anayetapika, aulizwe kama ameokota au kukata chuma. Swali hilo halina gharama. Wala hofu isiwaangukie wasiohusika: aliyetibiwa kwa mashine ya kobalti harudi nyumbani na mionzi mwilini, na hana sababu ya kutengewa sahani.

Anayekuta chombo kizito kuliko ukubwa wake, chenye alama nyeusi ya pangaboi juu ya njano, asikifungue wala asikibebe. Aondoke, awazuie watoto, atoe taarifa polisi ili Tume iitwe. Kule Goiânia, mabaki ya chanzo yalipelekwa ofisi ya afya ndani ya mfuko, kwa basi la abiria.