Rulema inayocheza kidogo si mbovu

Fundi akitingisha rulema mpya na kuisikia inacheza kidogo, anasema iko mbovu, anachukua ile yenye kukaza. Kwa mashini ya kusaga mahindi na mihogo, mimi sikubali. Ikishindiliwa kwenye chuma cha katikati, nafasi ya ndani inapungua. Mashini ikishika moto, pete ya ndani inatanuka kuliko ya nje. Nafasi inapungua tena. Rulema inakwama, na wamama wanarudi nyumbani na mabeseni yao (wakati wa mavuno, kweli!). Musome maandishi: 6305 ya kawaida iko na nafasi ya mikroni 5 mpaka 20, yenye C3 ni 13 mpaka 28. Kwa mashini muombe C3. Kigari cha mkono hakipate moto. Ya kawaida inatosha.