Mama Mwenye Mchi



Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa Gatumba na bidoni yangu. Rafiki akanitumia kwa simu picha ya mtungi wa maji wa Wagiriki wa zamani. Nikacheka kwanza: mtungi wa nini kwa mtu anayesubiri maji? Halafu nikauangalia mpaka wakanipita.

Mtungi ule ulichorwa Athens karibu mwaka 480 kabla ya Kristo. Leo uko kwenye makumbusho ya Naples, Italia. Mabegani mwake kuna usiku ambao mji wa Troy ulitekwa. Mfalme Priam, mzee, ameketi juu ya madhabahu akitoka damu kichwani. Maiti ya mjukuu wake iko magotini. Wanawake wamekaa chini wanaomboleza. Sisi picha hiyo hatuhitaji kufundishwa.

Lakini mchoraji hakuishia hapo. Mama mmoja ameinua mchi, huuhuu wa kutwangia, anampiga nao askari. Pembeni, Aeneas anatoka mjini amembeba baba yake mgongoni. Upande mwingine, bibi kizee Aithra amefikiwa na wajukuu waliokuja kumtoa.

Na mchoraji alifanya kazi Athens, kati ya Wagiriki, na katika hadithi hii Wagiriki ndio walioshinda. Hata hivyo alichora walioshindwa kama watu wazima wenye akili na mikono. Labda juu ya yale mji wake ulioyaona: mwaka 480 Waajemi walichoma Athens, na watu wake wengi walikuwa wamekimbilia Salamis na Troezen. Walijua kukimbia ni nini.

Sasa maoni yangu. Picha zetu nyingi zina Priam tu. Hazina mchi, hazina mgongo uliobeba. Mama yangu alivuka Rusizi na mdogo wangu mgongoni, sufuria kichwani, akiongoza watoto wa jirani wawili. Hakuna aliyempiga picha siku ile. Alipigwa baadaye, amekaa chini, analia, na hakuulizwa hata jina.

Mtu atasema: chakula hakitoshi, wewe unaongea michoro? Ndiyo, najua mchoro si ugali. Lakini anayeonekana kila siku akilia tu, ndiye anayepangiwa kila kitu bila kuulizwa.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, hapahapa Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo waliuawa kambini. Kila Agosti tunawahesabu, na ni lazima tuwahesabu. Ila tuwaulize pia waliopona, kwa heshima, kama wako tayari kusema: usiku ule nani alimbeba nani? Wazee wakiondoka na jibu hilo, hatutalipata tena.

Vijana, chukueni kalamu, makaa, chochote. Choreni kwanza mtu aliyewabeba. Nanyi ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuinua kamera muulizeni mama jina lake na alifikaje hapa. Akikataa picha, mwacheni.

Mimi nimeshaanza. Sufuria ya mama imetoka vizuri. Mikono bado inanisumbua.