Ndege Mgeni Hutambulikana kwa Sauti

Kila mfugaji wa kuku aijua sauti ya kifaranga aliyepotewa na mamaye. Sauti kama hiyo ikisikika vichakani huko Uingereza, wakati majani yapukutikapo, yaweza kuwa habari ya mgeni aliyetoka mbali sana.

Uingereza yuko ndege mdogo kuliko shomoro, rangi yake kijani iliyochanganyika na manjano. Huitwa chiffchaff, kwa kufuata wimbo wake. Mwaka 1768 kasisi Gilbert White wa Selborne alieleza kwamba ndege waliodhaniwa kuwa aina moja walikuwa aina tatu, na huyu mmojawapo. Nyimbo zao ndizo zilizomwonyesha tofauti.

Chiffchaff anaye ndugu yake wa Siberia, ambaye Edward Blyth alimwandika mwaka 1843 kwa jina la Kilatini tristis, maana yake "mwenye huzuni". Wakati wa baridi huhamia Bara Hindi. Lakini kila mwaka wachache huelekea magharibi wakafika Uingereza, hasa mwezi wa Oktoba na Novemba.

Kumtambua kwataka subira. Rangi yake ni kahawia na kijivu, hana manjano kifuani, na mdomo na miguu yake ni myeusi. Lakini mwenye kutegemea rangi peke yake hudanganyika, kwani wako chiffchaff wengine wa Ulaya ya mashariki waliopauka vilevile. Kwa hiyo mwenye busara hungoja mpaka ndege alie. Yule wa kawaida hulia kwa sauti ipandayo. Yule wa Siberia hutoa mlio mmoja ulionyooka, kama wa kifaranga yule. Na akinaswa wavuni ili avikwe pete mguuni, hata unyoya wake ukipimwa na wataalamu huonyesha asili yake.

Uangalifu huu una faida. Njia za ndege hujulikana kwa hesabu za miaka mingi, na jina lililoandikwa kwa kubahatisha huziharibu, kama ng'ombe wa mtu kuandikwa katika daftari la jirani. Asiye na hakika na aandike "hakutambulikana", wala si aibu.

Katika wale watatu wa White, mmoja huja Kenya kila mwaka kuikimbia baridi, akatafuta wadudu mitini. Mkulima na atege sikio kwanza, ndipo amtaje. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.